Sista na Daftari la Safu Tatu

Mahali alipozaliwa sipajui kwa hakika, na jina la baba yake sikuwahi kuliuliza. Watu walisema mengi kuhusu ujio wake katika vilima vyetu vya chai: kwamba alifukuzwa katika hospitali kubwa kwa sababu ya ubishi, kwamba alimkimbia mume, kwamba alitumwa kutuchunguza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kunieleza aliyapata wapi maneno hayo. Nayaacha. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha chai, naye akiwa muuguzi wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Sote tulimwita Sista, wazee kwa watoto, na nadhani wengi walimzoea kwa jina hilo hata wakasahau kwamba alikuwa na jingine.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti isiyopanda. Saa yake aliibandika kifuani juu chini, kama wafanyavyo wauguzi, na alipomkaribia mtoto hakumtazama usoni kwanza. Alitazama saa, kisha mbavu, akahesabu pumzi. Mtoto angeweza kulia au kucheka, Sista hakujali mpaka dakika iishe. Akina mama wapya walimwona hana huruma. Waliomzoea walijua kwamba dakika ile ndiyo huruma yake.

Chombo chake kikuu kilikuwa daftari, lile kubwa lenye jalada gumu ambalo wenye maduka huliita kaunta buku. Kila ukurasa aliugawa kwa rula katika safu tatu. Juu ya safu ya kwanza aliandika *Nimeona*, ya pili *Nimeambiwa*, ya tatu *Sijui*. Siku ya kwanza nilipoliona niliketi. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwaonya dhidi ya maneno ya kusikia, na sikuwahi kufikiria kuyachorea mistari.

"Uliona au uliambiwa?" Hilo ndilo swali alilomuuliza kila mtu. Mama mmoja alileta mtoto, akaeleza kwamba alikohoa tangu jioni mpaka alfajiri.

"Uliona au uliambiwa?"

"Niliambiwa na nyanya yake, Sista. Yeye ndiye analala na yeye."

"Basi niletee nyanya."

Nyanya akaletwa, akitegemea fimbo, amekasirika kwelikweli. "Wewe mtoto wa ziwa," akamwambia, "umenitoa kwa ng'ombe wangu nikuambie kikohozi ni kikohozi?"

"Ndiyo, kogo," Sista akajibu, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Kilikuwa kikavu au cha makohozi?"

Bibi akafikiri, hasira zikampungua. "Kikavu. Na kilikuwa kama filimbi hapa," akasema, akigusa koo. Neno hilo la filimbi liliandikwa, na dawa ikabadilishwa kwa ajili yake. Tangu siku ile bibi huyo alimtetea Sista sokoni Roret kila aliposikia akisengenywa, na kusengenywa kulikuwepo, kwa maana miaka ile mtu wa kuja alipaswa kupima maneno yake, na Sista alikuwa mtu wa kabila jingine, la upande wa ziwa. Hilo alinieleza mwenyewe. Mizigo yake ya thamani, daftari zikiwemo, ilikaa ndani ya sanduku moja la bati karibu na mlango. Sikumuuliza kwa nini karibu na mlango. Kila mtu alijua kwamba mtu wa kuja angeweza kufukuzwa usiku wowote.

Hata hivyo mtu huyo wa safu tatu hakuwa mnyoofu kama mistari yake. Aliwakataza akina mama kupika kwa mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, na jioni za baridi nilimkuta mwenyewe ameinamia jiko la mkaa, mlango umefungwa, mvuke wa ugali ukijaa chumbani. Nilipomkumbusha alisema, "Mwalimu, mimi naijua hatari. Wao hawaijui," kana kwamba kuijua kulipunguza moshi. Aliipenda, tena, harufu ya dizeli. Lori likipita alifumba macho kidogo na kuvuta pumzi. Ilimkumbusha, alisema, safari za utotoni. Na mtu huyu aliyehesabu kila kitu hakukubali kamwe kuhesabu watoto kwa kidole. Alijaza punje za mahindi katika mfuko mmoja wa gwanda lake, na kila mtoto alipopita alihamisha punje moja kwenda mfuko wa pili. Nilimwuliza sababu.

"Mama alinikataza. Mtoto hanyoshewi kidole na kuhesabiwa."

"Na hilo liko safu gani?"

"*Sijui*," akajibu bila kutabasamu. "Lakini punje zinahesabu sawasawa na kidole, au sivyo?"

Jambo moja zaidi la tabia yake nalitaja hapa, kwa kuwa kila kilichofuata kiliegemea juu yake. Katika kila boma alilotembelea aliletewa mursik, na katika kila boma alikataa. Kwa msomaji asiyetufahamu nieleze: mursik ni maziwa yetu yaliyogandishwa ndani ya kibuyu. Kibuyu hicho husuguliwa kwanza ndani kwa makaa ya mti maalumu mpaka kiwe cheusi, na kwa hiyo maziwa hutoka na rangi ya kijivu na chembe ndogo nyeusi. Mgeni akipewa, anywe. Sista alishika tumbo, akaomba radhi, akaomba chai. Watu walimsamehe wakidhani ni ugonjwa. Nadhani ilikuwa ni woga tu wa rangi ile. Matokeo ni kwamba kwa miaka kadhaa alikaa katikati yetu bila kuonja, wala kutazama kwa karibu, kitu ambacho kila mtoto wetu alikinywa kila siku.

Sasa nije kwenye malori.

Kiwanda kilipopanuliwa, malori ya majani mabichi yaliongezeka, na kwa kuwa mizani ilikuwa moja, yalipanga foleni. Foleni hiyo ilianza saa sita mchana, ikaufuata ua wa shule yangu, ikakaa hapo mpaka jioni. Ukuta uliokuwa karibu zaidi na barabara ulikuwa wa darasa la kwanza na la pili, watoto wadogo kuliko wote. Na madereva hawakuzima injini. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi: malori mengi yalikuwa ya zamani, betri zimechoka, na lori likizima kwenye tambarare ile na kukataa kuwaka, lilipoteza nafasi yake. Majani yakikaa ndani ya magunia hupata joto, huwa mekundu, na mizanini hukataliwa. Jasho la siku nzima la mkulima humwagwa kando ya barabara. Kwa hiyo injini zilinguruma kwa muda wa saa nne au tano, moshi ukiingia madirishani, nasi tukifundisha hesabu kwa kupiga kelele.

Nilikuwa nimeandika barua. Kamati ya kiwanda haikujibu ya kwanza wala ya pili. Ya tatu ilijibiwa kwa madawati mapya, ambayo niliyapokea, na nikaona haya kuandika ya nne.

Sista alikuja ofisini kwangu muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, amebeba daftari. Alisema watoto wanaoletwa kwake wakipumua kwa filimbi kifuani ni wengi mno kutoka madarasa mawili yale ya ukutani.

"Ni moshi wa jikoni," nikamwambia. "Kila nyumba hapa ina moto katikati."

"Watoto wa darasa la saba nao wana jikoni kwao, Mwalimu."

"Darasa la saba wamekomaa vifua."

"Inawezekana," akasema. "Ndiyo maana nataka kupima."

Alinionyesha bomba jeupe la plastiki lenye alama ubavuni na mshale mdogo. Mtoto husimama wima, huvuta pumzi yote, hupuliza kwa nguvu, na mshale husukumwa hadi pale uwezo wa kifua chake unapofika. Watoto walikuja kuliita tarumbeta. Alitaka kuwapima Jumatatu asubuhi, baada ya Jumapili isiyo na malori, na Ijumaa, baada ya wiki nzima ya moshi. Alitaka pia kuwapima watoto wa shule moja upande wa Kimulot, karibu na msitu, ambako gari lilipita kwa nadra. Nami nikamtajia masharti: aende nyumba kwa nyumba aandike nani hulala karibu na moto, na asiniharibie vipindi. Jumatatu angepata dakika chache kabla ya gwaride. Ijumaa angepata saa ya baada ya chakula cha mchana, si kabla.

Saa hiyo niliichagua mimi. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Alipima muhula mzima. Nyumba alizitembelea zote, kwa miguu, mvua ikimnyeshea, akaandika kuhusu moto na madirisha. Alama za tarumbeta zilikuwa kama tulivyohofia, ila si kwa ukali: mshale wa wengi wa watoto wa ukutani ulifika juu kidogo zaidi Jumatatu kuliko Ijumaa, na wale wa Kimulot hawakubadilika sana. "Kidogo," alisema, akilitamka neno hilo kwa uchungu. "Watu hawahamishi malori kwa sababu ya kidogo."

Ndipo alipoongeza vitambaa. Kila Ijumaa, mtoto akishapuliza, alikohoa na kutema mate juu ya kipande cha shashi nyeupe, nacho kikabandikwa kwenye kadi. Vya Kimulot vilirudi vyeupe. Vyetu vilirudi na chembe nyeusi. Sikuwahi kumwona Sista akifurahi kama siku aliyovitandaza mezani pangu. "Haya sasa mtu yeyote ataona," alisema. "Hata asiyejua kusoma." Nami nilifurahi, na tukaitisha mkutano wa wazazi, madereva na kamati ya kiwanda, wiki nne mbele.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nikizunguka nyuma ya madarasa wakati wa chakula. Msichana wa darasa la pili aitwaye Chepkirui, aliyekuwa kati ya wagonjwa wakubwa wa Sista, alikuwa ameketi kwenye nyasi akinywa kutoka chupa ya plastiki iliyowahi kuwa ya juisi. Alikunywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo kwa mkono, akaacha mstari wa kijivu shavuni. Kengele ikalia. Akakimbia moja kwa moja kwenye mstari wa Sista, akapuliza tarumbeta, akatema. Nilisimama nyuma yake. Shashi ikatoka na chembe nyeusi.

Sikuhitaji kuambiwa. Kimulot alipima asubuhi, kabla mtoto hajafungua chupa. Kwetu alipima baada ya chakula, kwa amri yangu, na karibu kila mtoto alikuwa ametoka kunywa mursik. Alichokibandika Sista kwenye kadi zake, kwa uangalifu wote ule, ni makaa ya vibuyu vya mama zao.

Sikusema neno.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sitajipamba. Nilijiambia kwamba mtoto mmoja si ushahidi. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na niliitumia kwa sababu ilinifaa. Ukweli ni kwamba niliyataka malori yaondoke, nilijua yanawadhuru wale watoto, na nilichoka kuandika barua. Kama doa jeusi lingefanya kazi ambayo maneno yangu yalishindwa, kwa nini nilifute? Wiki tatu nilipita mbele ya kadi zile. Sista aliponionyesha mpya niliitazama haraka, kisha nikatazama dirisha.

Asubuhi ya mkutano niliamka na wazo lililonitoa jasho. Nilifikiri juu ya ukumbi: benchi tatu za mbele zingejaa wanawake wanaosugua vibuyu kila siku ya maisha yao. Wangeitambua rangi ile kabla Sista hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Mtu wa kuja, katika miaka ile, angesimama mbele ya wenyeji akiwaonyesha maziwa yao na kuyaita sumu. Wangesema ametudanganya makusudi, na sanduku la karibu na mlango lingebebwa siku hiyo hiyo. Kilichonisukuma kuvuka barabara kilikuwa hofu. Uaminifu, kama ningekuwa nao, ungenisukuma wiki tatu mapema.

Nilimkuta akipiga pasi gwanda lake. Nikamweleza kuhusu chupa, kuhusu saa ya mchana, kuhusu Kimulot asubuhi. Sikumweleza nililijua lini. Aliweka pasi wima, taratibu.

"Uliona au uliambiwa?"

"Nimeona."

"Mtoto gani?"

"Chepkirui."

"Yawa," akashangaa kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, akaketi juu ya sanduku. Alikaa hivyo mpaka pasi ikapoa. Nikamshauri aseme anaumwa, tuahirishe. Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Mkutano ni saa nne," akasema. "Nitakuja na kadi zote."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kamati ya kiwanda ilikaa kando ya jukwaa, mwenyekiti wao amevaa koti zito. Madereva walisimama nyuma, wamekunja mikono, na kati yao alikuwa baba yake Chepkirui, mtu wa mabega mapana aliyeendesha lori la zamani kuliko yote na aliyekuwa msemaji wao. Sista akapanda jukwaani na ubao alioubandika kadi zote. Watu wakanyoosha shingo kuyatazama madoa meusi.

"Hivi vitambaa," akaanza, "nilivikusanya kuwaonyesha moshi wa malori kwenye vifua vya watoto. Leo asubuhi nimejua si moshi. Ni mursik. Nilikosea. Nawaomba mvisahau." Akaugeuza ubao ukutani.

Kisha yule bibi wa fimbo, aliyekuwa benchi ya mbele, akaangua kicheko, na ukumbi wote ukamfuata.

"Sista! Umekaa hapa miaka hii yote hujaonja mursik? Nani alikunyima?"

"Hakuna aliyeninyima, kogo. Ni tumbo langu."

"Si tumbo! Unaogopa!" Kicheko kikazidi.

Baba Chepkirui akapaza sauti kutoka nyuma. "Sasa Sista, utakamata ng'ombe badala ya lori?" Utingo wake akapiga mluzi. "Ama tuzime ng'ombe injini!"

Nilikuwa nimekaa pembeni. Kicheko cha watu wengi kinaweza kugeuka upande wowote, nami nilikuwa nikingoja kugeuka kwake. Sista alisubiri. Alitazama saa yake ya kifuani, nadhani aliwapa dakika kamili, kama alivyompa mtoto anayelia. Kisha akafungua daftari.

"Hizi hazijafutika," akasema. "Alama za bomba." Akaeleza Jumatatu na Ijumaa. Hakuongeza chumvi. Alisema tofauti ni ndogo. Alisema kuna watoto ambao haikuonekana kabisa. Alisema hajui kama ni moshi tu au ni vumbi pia.

Mwenyekiti wa kamati akasimama. "Mama, wewe mwenyewe umekubali umekosea jambo moja. Tutajuaje hujakosea na hili? Mkulima akimwaga majani yake, utamlipa wewe?"

"Hamwezi kujua," Sista akajibu. "Ndiyo maana sitaki mniamini." Akamtazama dereva. "Baba Chepkirui, njoo."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Una mtoto darasa la pili. Sitasoma alama za mtoto wa mtu mbele ya watu. Njoo uone mwenyewe."

Akaja, akichekacheka kwa wenzake, akainama juu ya ukurasa. Kicheko kikakauka mdomoni. Nilikuwa karibu, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Hii mistari ya chini ni Ijumaa?"

"Ni Ijumaa."

"Yote?"

"Usiniamini. Njoo Jumatatu umwone akipuliza. Njoo Ijumaa umwone tena. Kisha uwaambie wenzako ulichoona, chochote kile."

Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Wengi waliondoka wakicheka mambo ya mursik, na nilimshukuru Mungu kwa kicheko hicho, maana waliomcheka hawakupata nafasi ya kumchukia.

Dereva alikuja Jumatatu, amesimama mlangoni mwa zahanati na kofia mkononi. "Simama wima," Sista alimwambia mtoto. "Vuta yote. Puliza." Mshale ukapanda. Dereva akakwaruza alama kwa ukucha pale ulipofika. Ijumaa akaja tena, nayo sasa ikawa ni asubuhi, kwa kuwa nilikuwa nimeibadilisha saa ya kipimo cha Ijumaa. Chepkirui akapuliza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, uso umemwiva. Mshale haukufika kwenye alama ya baba yake.

"Puliza vizuri, mama," akamwambia bintiye.

"Nimepuliza, baba."

Dereva alivuka barabara, na mchana ule lori lake halikujipanga kwenye ua wa shule. Alilipandisha mlimani, juu ya lango la kiwanda, kupita makao ya watu, akaliegesha likitazama chini na kulizima. Zamu yake ilipofika aliachia breki, lori likateremka lenyewe, akaingiza gia, likawaka kabla ya kufika langoni. Hakuhitaji betri. Wenzake walimdhihaki siku mbili. Siku ya tatu wawili walimfuata, maana waligundua wanaokoa mafuta, na kufikia mwisho wa mwezi foleni nzima ilikuwa mlimani, injini zimezimwa. Kamati ya kiwanda ilikuja kuweka kibao cha maegesho mahali ambapo madereva walikuwa wameshapazoea.

Sista alipima muhula mwingine. Wengi wa watoto wa ukutani walipuliza Ijumaa kama Jumatatu. Baadhi hawakubadilika, na mmoja alishuka, naye aliandikwa katika safu ya tatu. Chepkirui aliendelea kupata filimbi kifuani wakati wa baridi kali, lakini alikimbia na wenzake uwanjani, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla.

Nilikutana na Sista mara ya mwisho muongo ule ukielekea ukingoni. Alikuwa amepata uhamisho kwenda kwao, nami nilikuwa nimestaafu na kupata kikohozi changu cha uzee. Nilimkuta kwenye baraza ya zahanati saa tisa alasiri, sanduku la bati limefungwa kamba, daftari kuukuu zikiwa juu ya benchi. Yule bibi wa fimbo alikuwa amemletea kibuyu cha kumuaga, na Sista alikuwa amejimiminia kikombe, akikitazama kama mtu anayetazama mto atakaouvuka. Akanywa. Akafumba macho. "Si mbaya," akasema, kwa uso uliosema vingine.

Nikaona nisipolisema siku ile sitalisema tena. Nikamweleza kwamba sikuligundua kosa la vitambaa asubuhi ya mkutano. Nililijua wiki tatu kabla, nikanyamaza kwa sababu madoa yalinifaa, na nilipozungumza nilisukumwa na hofu.

Hakuonekana kushangaa. Alipekua daftari, akachomoa moja lenye jalada lililochakaa, akalifungua mbele yangu. Ulikuwa ukurasa wa Ijumaa ile ile ya chupa ya Chepkirui. Katika safu ya tatu, chini ya *Sijui*, kwa mwandiko wake ulionyooka, ilikuwa imeandikwa: *Mwalimu Mkuu hatazami vitambaa. Anatazama dirisha. Kwa nini?*

Miaka yote ile tulikunywa chai pamoja, nikimkosoa, nikimfundisha namna ya kuandika ripoti, naye alikuwa na mstari huo ndani ya sanduku lake.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Nilidhani ungeniambia."

Akatoa kalamu kwenye mfuko wa gwanda, mfuko ule ule wa punje za mahindi. Akalipiga mstari swali lake katika safu ya tatu, kisha akaanza kuandika maneno yangu, polepole, akiniuliza tarehe. Nilitazama mkono wake ukitua katika safu ya kati.

"Hapo umeandika *Nimeambiwa*," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Sista, nimekwambia ukweli. Ni mimi mwenyewe nimesema."

"Inawezekana, Mwalimu," akajibu, akikausha wino kwa pumzi yake. "Lakini mimi sikuona."